Darsa la 12: Udongo Juu ya Jabali



Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mnaosoma huku mkingojea adhana ya Magharibi. Darsa la leo ni refu kidogo kuliko la jana. Ukishindwa kulimaliza sasa hivi, liache, ulirudie baada ya Tarawehe. Na wale mnaowasomea wazazi wenu kwa sauti, Allah awalipe.

Jana baada ya Alasiri nilikwenda makaburini na vijana watatu tukapima lile korongo. Kutoka mdomo wa korongo hadi kaburi la kwanza ni hatua kumi na moja. Ramadhani iliyopita zilikuwa zaidi ya ishirini. Na masika bado hayajaanza.

Nataka tuelewe korongo hili limetoka wapi. Tukilielewa tutajua la kulifanya, na ipo aya ya Suratul Baqara ambayo wengi wetu tunaisoma kila mwaka na inapita juujuu ya ulimi. Mimi nimesomea ualimu, mnajua, na chaki haijanitoka mkononi. Nivumilieni tuanze mbali, tuanze milimani.

Ukisimama stesheni ukatazama machweo, unaiona milima ya Usagara, ambayo ramani zinaiita Rubeho, na upande wa kaskazini Ukaguru. Kwa macho ni vitu visivyoguswa na chochote. Ni miamba ya kale mno, iliyopikwa kwa joto na kugandamizwa chini kabisa ya ardhi kabla ya kuinuliwa ilipo leo. Lakini miamba ile inavunjika kila siku, hata dakika hii unaposoma.

Inavunjikaje? Kwanza, mwamba uliozoea kubanwa na uzito mkubwa, uzito ule ukiondoka juu yake kwa maelfu ya miaka, unakuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo: unajinyoosha, na katika kujinyoosha unapasuka kufuata umbo lake. Halafu linakuja jua. Mchana ngozi ya nje ya mwamba inapata moto na kutanuka. Usiku baridi ya mlimani inaisinyaza. Ndani ya mwamba habari hizo hazifiki, kwa hiyo nje na ndani havivutani sawa. Rudia hivyo miaka mia, miaka elfu, na maji yakiwa yanaingia kwenye kila ufa unaofunguka. Nje inaanza kubanduka tabaka kwa tabaka, kama maganda ya kitunguu. Yale majabali ya mviringo mnayoyaona njiani, ambayo watoto wanaambiwa yamechongwa na majini, yamechongwa hivyo.

Kuna na mizizi. Ndege anakula tunda la mkuyu, anadondosha mbegu kwenye ufa. Mche unaota na uzi wa mzizi mwembamba kama wa kushonea. Ukirudi baada ya miaka ishirini, jiwe ambalo wanaume sita hawalisogezi limegawanyika mara mbili, na mkuyu umekaa katikati kama mwenye nyumba.

Huko juu Kilimanjaro yapo na makubwa zaidi. Maji yanaingia kwenye nyufa mchana, usiku yanaganda. Maji yakiganda yanaongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na mwamba hauna pa kuyapeleka isipokuwa kupasuka. Kwetu Kilosa maji hayagandi nje ya friji, lakini aliyewahi kusahau chupa ya maji kwenye friza akiharakisha baridi ya futari anajua ninachosema.

Na maji yanafanya kazi nyingine ya kimyakimya. Yanaozesha mwamba. Wapo humu ndugu zetu waliopata vibarua kwenye mahandaki ya reli ya SGR katika milima ya wilaya yetu. Waulizeni. Mwamba wa ndani kabisa ni mgumu, unang'aa, chuma kinalia ukiupiga. Wa juu, karibu na uso wa ardhi, umeshakuwa laini, sururu inaingia kama kwenye muhogo. Ni mwamba uleule. Chembe zake dhaifu zimegeuka udongo wa mfinyanzi, na zile ngumu zimebaki punje. Chota mchanga wa Mkondoa kwenye kiganja uutazame juani. Punje ngumu zinazofanana na vioo vilivyopondwa, na vile vigamba vyembamba vinavyometameta, vyote hivyo vilikuwa mlima.

Sasa soma Suratul Baqara aya ya 74. Hapo Mwenyezi Mungu anazisema nyoyo zilizokuwa ngumu kama mawe au zaidi ya mawe. Kisha anayatetea mawe: yapo yanayotoka mito, yapo yanayopasuka yakatoa maji, yapo yanayoporomoka kwa kumcha Yeye. Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani hii ni namna ya kusema tu. Siku hizi nikiutazama mlima naona ni habari ya kila siku. Jiwe linapasuka. Na kupasuka kwake ni rehema, maana lisingepasuka tusingekuwa na udongo. Mahindi, mbaazi, ufuta, mpunga wa bondeni, vyote vinakula mlima uliokubali kuvunjika.

Ila kuvunjika huko ni kwa polepole mno. Unene wa sentimita moja ya udongo mzuri unaweza kuchukua mamia ya miaka kupatikana. Udongo unaougeuza kwa pigo moja la jembe ulianza kutengenezwa muda mrefu kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Kuondoka kwake, hata hivyo, hakungoji miaka. Unaweza kuondoka Alhamisi moja kati ya Adhuhuri na Alasiri.

Hapa ndipo tunarudi kwenye korongo letu.

Watu wengi wanadhani udongo unachukuliwa na maji yanayotiririka. Hilo ni la pili. La kwanza ni tone lenyewe. Tone kubwa la masika linafika chini kwa kasi inayokaribia kilomita 30 kwa saa, mwendo wa bodaboda mwenye adabu. Likikuta jani, linapasukia kwenye jani na kuteremka taratibu. Likikuta udongo mtupu, linapiga kama nyundo ndogo. Ushahidi uko nyumbani kwako: baada ya mvua tazama chini ya ukuta uliopakwa chokaa. Wekundu ule unaopanda hadi karibu na magoti haukupakwa na mtu. Ni udongo uliorushwa na matone. Punje zilizorushwa zinaziba vitundu vya ardhi, ardhi inafunga kama sakafu, maji hayanywewi tena, yanaanza kutafuta njia. Yanatembea kwanza kama shuka nyembamba. Kisha yanachora vijifereji unavyoweza kuvifuta kwa unyayo. Usipovifuta, vinaungana.

Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba korongo likishazaliwa linatembea kwenda juu. Maji yanashuka, korongo linapanda. Pale mdomoni maji yanaanguka kama maporomoko madogo, yanachimba chini ya ukingo, ukingo unakosa pa kukalia, unamomonyoka, mdomo unasogea hatua moja. Ndiyo maana lilianzia kule chini kwenye njia ya ng'ombe na sasa liko hatua kumi na moja kutoka kwa marehemu zetu.

Sasa nije kwangu.

Ramadhani ya mwaka juzi, wiki moja kabla ya mwezi kuandama, niliitisha msaragambo wa kusafisha makaburi. Mlikuja wengi, Allah awalipe kwa nia zenu. Tulifyeka. Halafu mimi, kwa ulimi wangu, nikasema kufyeka hakutoshi, tupalilie kabisa. Tukaung'oa ukoka wote. Tukang'oa visiki vya vichaka vya kingo ya juu, tukachoma. Ilipofika Adhuhuri pale mahali palikuwa peupe kama uwanja wa mpira. Nikapiga picha, kabla na baada, nikazituma kwenye chaneli hii hii. Zilipata dua na sifa nyingi. Wengine walizituma Morogoro mjini na Dar, na shehe mmoja wa huko alinipigia simu kunipongeza. Siwafichi, nilifurahi. Nilizitazama zile picha mara nyingi kuliko nilivyopaswa.

Bibi mmoja tu ndiye hakusifu. Shamba lake liko chini ya makaburi, na mumewe amezikwa pale, safu ya tatu. Alinikuta njiani akaniuliza, "Shehe, yale ni makaburi au mmetayarisha shamba la ufuta?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Bibi, usafi ni sehemu ya imani."

Akasema, "Sawa, baba. Ila mvua haijui kama mmesafisha. Itaona pametupwa wazi tu."

Masika yale yale vijifereji vikaanza. Vuli iliyofuata korongo lilikuwa limeshapata mdomo. Na ule udongo wa makaburi ulikwenda wapi? Ulikwenda kwa bibi. Mahindi yake ya mistari miwili ya juu yalifukiwa na mchanga hadi shingoni. Hakuja kudai kitu. Nilikwenda mwenyewe, na nilichelewa kwenda.

Uchungu wa jambo hili ni kuwa suala lenyewe nimelisomesha. Mnaikumbuka ile hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alipopita kwenye makaburi mawili ya watu wanaoadhibiwa, akachukua kuti bichi, akalipasua, akachomeka kila kaburi kipande. Kutokana na hiyo, baadhi ya wanachuoni wa fiqhi wakachukia kung'olewa mmea mbichi ulioota juu ya kaburi. Nimelisema hilo msikitini, kitabu mkononi. Kisha nikaenda na jembe.

Kwa hiyo aya. Suratul Baqara, 264. Mwenyezi Mungu anawakataza walioamini wasizibatilishe sadaka zao kwa masimbulizi na maudhi, wasiwe kama anayetoa mali ili watu wamwone. Kisha anapiga mfano: mtu huyo ni kama jabali laini lililofunikwa na udongo kidogo, ikalishukia mvua kubwa, ikaliacha tupu. Aya inayofuata, 265, inawataja wanaotoa kwa kutaka radhi za Mwenyezi Mungu tu. Wao ni kama bustani iliyoko mahali pa juu. Ikanyeshewa mvua kubwa, ikazaa maradufu. Na isipopata mvua kubwa, hata manyunyu yanaitosha.

Rudi uzisome mbili hizi kwa pamoja usiku wa leo. Tazama kwamba mvua ni ileile. Neno lililotumika la mvua kubwa ni moja, waabil, hapa na pale. Na bustani haiko bondeni, iko mahali palipoinuka, yaani mahali ambapo kwa desturi udongo ungekimbia. Tofauti haiko mbinguni. Kwenye jabali udongo umekaa tu juu, haukushikana na kitu. Ukiutazama kiangazi utadhani ni shamba. Kwenye bustani kuna mizizi.

Ile sadaka yangu ya jembe ilikuwa udongo juu ya jabali, kwa maana zote mbili. Namwomba Allah aniwie radhi, na nawaomba nyinyi pia.

Msidhani basi kuwa jambo likishaharibika limekwisha. Wako Warangi katika jamaa yetu, wao wanaijua Kondoa kuliko mimi. Milima ya Irangi ilifikia mahali ambapo makorongo yalikuwa yamekula vijiji, ardhi nyekundu imechanwachanwa, ukoka hakuna, mito imejaa mchanga. Miti ilikatwa kwa miaka mingi, mifugo ikazidi uwezo wa malisho. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma. Walijaribu matuta, walijaribu kupanda miti. Mwaka 1979 wakachukua hatua ngumu: mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Hatua ile iliwaumiza watu, tusiseme uongo. Mtu aliyeambiwa atoe ng'ombe wake hakulala vizuri. Lakini majani yalirudi, na baada ya majani vichaka, na baada ya vichaka miti. Ardhi iliyoachwa ipumue ilijifunika yenyewe. Udongo uliokwenda haukurudi, huo umekwenda. Uliobaki ulishikwa.

Na wale wa Mikumi mnaopanda Kitonga kwenda Iringa, mkipata nafasi fikeni Isimila, jirani na mji wa Iringa. Mtaona nguzo za udongo zimesimama ndani ya korongo, ndefu kuliko nyumba, wageni wanalipa kuzitazama. Zinapendeza kweli. Ila mimi nikiziona nguzo zile nawaza kitu kimoja tu: pale zilipoanzia juu ndipo ardhi ilipokuwa, na nafasi yote iliyo kati yao ilikuwa imejaa.

Kuna mtu ataniuliza, shehe, korongo la makaburi lina uhusiano gani na mimi niliye mjini, sina hata kiwanja kule? Nitamjibu kwa Mkondoa. Mwisho wa Desemba 2009 mto ule ulijaa, tuta lililokuwa likiukinga mji likazidiwa, na wengi wenu mlilala kwenye mahema hadi mwaka mpya ukawa wa zamani. Reli ya kati kati ya hapa na Gulwe ilisombwa, na treni ya abiria ilisimama kwa miezi. Mvua ilikuwa kubwa, ndiyo. Lakini mto unaobeba milima ndani yake hauwi na nafasi ya maji. Kitanda chake kinainuka mwaka hadi mwaka kwa mchanga, na maji ambayo zamani yangepita ndani yanapita juu. Mchanga huo umetoka kwenye mashamba ya miteremkoni, kuanzia upande wa Dodoma hadi hapa kwetu. Nani aliusukuma? Hakuna mmoja. Kila mtu alilima kipande chake.

Mtume (s.a.w.) alitupigia mfano wa watu waliopanda jahazi, wengine wakapata nafasi ya juu, wengine ya chini. Wa chini wakaona uzito kupita juu kila wanapohitaji maji, wakasema, kwa nini tusitoboe tundu hapa kwenye sehemu yetu, tusiwaudhi wenzetu? Wakiachwa, wataangamia wote. Wakizuiwa, wataokoka wote. Imo ndani ya Bukhari. Kwenye jahazi wa chini ndio waliotaka kutoboa. Kwetu sisi tundu linatobolewa juu, na maji yanaingia kwa wa chini. Kwa bibi yule, watu wa juu ni sisi. Ni msikiti.

Nimezungumza na kamati. Palikuwa na mawazo mawili. La kwanza lilikuwa kuchangisha tujenge ukuta wa zege upande wa chini wa makaburi. Wanaopenda ukuta wana sababu yao: unaonekana, mfadhili akija anaonyeshwa. Lakini ukuta hauzuii tone kupiga udongo mtupu, na maji yatakayokusanyika nyuma yake yatatafuta pa kutokea, ama chini ya msingi ama pembeni, na pembeni ndiko kwa bibi. Wazo la pili linahitaji mikono kuliko fedha, na hilo ndilo tuliloafikiana.

Upande wa juu wa makaburi tutachimba mtaro wa kuyapokea maji kabla hayajaingia, unaoteremka kidogo sana, ukayapeleke kwenye majani ya upande wa mashariki yakatawanyike. Mtaro ukiteremka kwa kasi nao utageuka korongo, kwa hiyo hapo mtufuate mimi na fundi mwenye pima maji, msichimbe kwa haraka. Ndani ya korongo tutaweka vizuizi vifupi vya mawe na fito, kimoja baada ya kingine kutoka juu kwenda chini. Kila kizuizi kiwe chini zaidi katikati kuliko pembeni ili maji yapite katikati yasile kingo. Mchanga utajikusanya nyuma yake wenyewe. Kwenye kingo tutapanda mabingobingo. Na juu ya makaburi yenyewe, na kati ya safu, tutarudisha ukoka tulioung'oa. Bibi amekubali tuuchukue kutoka ukingoni mwa shamba lake. Wallahi sikuwa na uso wa kumwomba, alijitolea mwenyewe.

Kuanzia sasa makaburini patafyekwa kwa fyekeo tu, kimo cha kiganja. Jembe halitaingia isipokuwa kwa kuchimba kaburi. Na takataka zisitupwe tena kwenye korongo kwa kisingizio cha kulijaza. Maji yanazunguka takataka na kuchimba pembeni, korongo linapanuka.

Tutakutana Jumamosi baada ya swala ya Alfajiri, kabla jua halijawa kali, maana tumefunga. Tutafanya kazi hadi saa tatu tu, na Jumamosi inayofuata tena, hadi tumalize kabla masika hayajashika. Mwenye jembe la kuchimbia mtaro aje nalo, mwenye sururu, mwenye toroli. Akina mama wanaoweza, tunaomba ukoka ukatwe vipande Ijumaa jioni na ufunikwe kwa gunia bichi usinyauke. Wazee msibebe mawe. Anayepita kati ya makaburi atembee kwenye njia, asikanyage kaburi wala kulikalia.

Atakayechelewa atatukuta upande wa juu. Simu ziachwe nyumbani, safari hii hakuna picha.

Wabillahi tawfiiq.
Imamu wenu